Kofia ya Jumapili

Mama aliumwa kichwa kila Jumapili kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwamini. Bibi, mama yake baba, alikuwa akija kututembelea anaweka kikombe chini na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Mke wa mwanangu kichwa chake kina kalenda. Jumatatu mpaka Jumamosi kizima. Mume akishinda nyumbani tu, kinapasuka." Halafu anatutazama sisi wajukuu watano tulivyojipanga mkekani na kuongeza, "Na hawa sijui walipatikana siku gani." Mimi ndiye kitinda mimba. Nilipokua nilichukua kalenda nikahesabu miezi tisa kurudi nyuma, nikaona mwenyewe kwamba haikuwa Jumapili.

Baba kwa upande wake hakuwa na kichwa cha kuuma. Kazini walimwita Chuma, na jina lilimpendeza mno, ingawa kazini kwake chuma hakikuruhusiwa hata kidogo. Alikuwa mkandaji wa baruti. Kiwanda chao kilitengeneza baruti za kupasulia miamba kwenye machimbo ya kokoto. Kulikuwa na mafuta mazito ambayo yakiangushwa yanalipuka, na ili yatulie yalikandwa pamoja na unga wa mbao mpaka yakawa donge laini kama unga wa mkate, kisha likasokotwa kwenye karatasi. Baba alikanda donge hilo ndani ya hori refu la mbao, kwa mwiko wa mbao, amevaa viatu visivyo na msumari na suruali iliyofungwa kwa kamba, kwa sababu bizimu ya mkanda nayo ni chuma. Funguo waliacha getini. Msimamizi wao alikuwa na jino la bandia la chuma, na kila mtu alimwomba asicheke.

Kabla ya kukanda, baba alifanya miaka sita chumba cha pili, akiangalia kipimajoto cha yale mafuta. Mtu wa kipimajoto alikalia kigoda cha mguu mmoja. Ukiwa macho unakaa vizuri tu, ukisinzia unaamshwa na sakafu. Baba alipostaafu walimpa cheti na kigoda hicho. Cheti kiliota ukungu, kigoda kiko sebuleni kwetu mpaka leo, na wageni wetu wengi tumewajua vizuri zaidi baada ya kuwaokota.

Sasa, yale mafuta yalikuwa na tabia yake. Yalipita kwenye ngozi, glavu au hakuna glavu, yakaingia kwenye damu na kuitanua mishipa. Mfanyakazi mpya siku ya kwanza alitapika kabla ya saa nne, akalala kwenye nyasi nyuma ya ghala ameshika kichwa kwa mikono miwili. Siku ya pili hivyo hivyo, ila kidogo. Siku ya nne anafanya kazi. Ijumaa anaimba. Mwili una kiburi cha namna hiyo: ukiuchapa kila siku unaacha kulia. Lakini pia ni msahaulifu. Jumapili moja ya kupumzika ilitosha kuufutia yote uliyojifunza, na Jumatatu mtu akaanza upya na kutapika nyuma ya ghala.

Wakandaji walitafuta dawa yao wenyewe. Jumamosi, kabla ya kutoka, kila mmoja alipaka donge kidogo kwenye kitambaa, akakikunja na kukiingiza ndani ya pindo la kofia. Jumapili nzima hakuvua kofia. Ngozi ya paji la uso ilinyonya taratibu, mwili haukupata nafasi ya kusahau, na Jumatatu mtu aliingia kazini mzima wa afya. Msimamizi alijua na akanyamaza. Hata bila kuambiwa ungewatambua wakandaji popote: ni wale wanaume waliokula chakula cha Jumapili wamevaa kofia hadi masikioni.

Wake zao hawakukanda baruti. Wao waliegemea bega tu, walikumbatia, walifua foronya. Kwa mwili usiozoea, hicho kidogo kilitosha. Mama aligundua siku wake wa wakandaji walipokalia benchi moja kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzao na kukuta kwamba wote sita huumwa kichwa siku ile ile. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha mama kilikuwa kofiani mwa mumewe.

Alirudi nyumbani akamwambia baba avue kofia. Baba alikataa. Mama alibembeleza, akanuna, akalala chumba cha watoto wiki nzima. Siku moja alinyoosha mkono aitoe kwa nguvu, na baba, mtu mpole wa kuomba radhi hata akimkanyaga kuku, akampigia kelele ambazo hatukuwahi kuzisikia tena. "Usiiguse." Mama aliuchukua ule ukaidi akauweka moyoni kama mtu anavyoweka risiti. Toka hapo Jumapili alijifunga kitambaa kichwani, akakaza, akaendelea na kazi zake.

Kifua cha baba kilianza kusumbua mwezi ule ule aliostaafu, akiwa na miaka sitini. Alisema ni kama mtu amemkalia, na kila akipanda kilima yule mtu ananenepa. Tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya taratibu. Alimpima, akamwandikia plasta ya dawa ya kubandika kifuani kila siku, pamoja na vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana ghafla. Baba alichukua boksi, akasogeza mbali na macho, akasoma jina la dawa. Alicheka mpaka ikabidi akalishwe.

"Daktari mwanangu," alisema, "hii nimeikanda kwa magunia."

"Ndiyo hiyo hiyo, mzee. Inatanua mishipa, moyo unapata damu. Ila humu imetiwa kidogo sana, haiwezi kulipua hata nzi."

"Kwa hiyo," mama akasema, "mimi nimelala na duka la dawa miaka thelathini na mmoja."

Daktari alitoa sharti moja na akalirudia mara mbili. Plasta ibandikwe saa mbili asubuhi, ibanduliwe saa mbili usiku, na usiku kucha mwili ukae bila chochote. "Mwili ukiwa nayo mchana na usiku unaizoea, mzee. Na ukishaizoea, siku moyo utakapobanwa kweli, hata ukila boksi zima haitakusaidia." Baba aliitikia kwa kichwa haraka haraka, kama mtoto anayeahidi kutocheza na moto huku kiberiti kiko mfukoni.

Mama alijiteua askari. Siku hiyo hiyo alidai kofia, na baba akaitoa bila neno. Hapo tulipaswa kushtuka. Mtu aliyepigania kofia miaka yote hiyo haitoi kama anayempa mwenzake chumvi. Lakini mama alikuwa na furaha ya ushindi, na mwenye furaha hakagui. Aliiloweka kwenye beseni la sabuni, akaifua mara tatu, akaianika. Na kila usiku saa mbili alimkalisha baba kitandani, akambandua plasta kwa mkono wake.

Wiki hiyo baba alikuja kwenye cherehani yangu akaomba sindano na uzi mnene. Mimi ni fundi wa kushona, na baba ni mtu ambaye kifungo kikimdondoka humpa mtu mwingine shati.

"Unashona nini, baba?"

"Mto wangu wa kulalia unatoa pamba."

"Lete nikushonee."

"Acha. Mstaafu naye lazima apate kazi."

Nilicheka nikampa. Baadaye niliuona ule mto. Alikuwa ameushona kwa mishono ya gunia, mikubwa, imekazwa kwa hasira. Nikamsifu.

Siku za mwanzo mama aliamka na kichwa kikiuma, siku tatu nne hivi. Akasema ni harufu ya kofia iliyobaki nyumbani. Alifua mapazia, akapiga deki mpaka chini ya kabati. Kichwa kikaacha. Jumapili ikapita, na nyingine, na nyingine, mama mzima kabisa. Alitangaza kwamba nyumba imetakata, na alikuwa akipita mbele ya picha ya marehemu bibi anaitazama kwa jeuri.

Ila baba alizidi kudhoofika. Kati ya mlango na geti, hatua arobaini, alisimama mara tatu akijifanya anaangalia maua, na maua hatuna. Kifua kikibana aliweka kidonge chini ya ulimi, akasubiri, akaweka cha pili, na yule mtu kifuani hakuinuka. Daktari aliongeza nguvu ya plasta. Hakuna kitu. Mwezi wa tano akatuita wote watatu ofisini kwake.

"Niambieni ukweli. Usiku plasta inabanduliwa?"

"Nabandua mimi mwenyewe," mama akasema. "Na kofia yake nimeifua. Daktari, mimi kichwa changu ndio mashine ya nyumbani. Huyu akiwa na baruti hata chembe, mimi najua. Hakijauma miezi minne."

Daktari alimwamini, na sisi tulimwamini. Akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa, baba akapasuliwe kifua. Hakutuficha kwamba kwa umri ule na moyo ule, wengine huingia chumba kile na hawatoki. Siku ilipangwa, Jumanne ya mwisho ya mwezi uliofuata. Baba alikunja barua akaitia mfukoni. Aliporudi nyumbani akaanza kugawa vitu vyake. Mimi aliniletea kigoda cha mguu mmoja. "Chukua, kitakufaa." Nilikasirika nikakirudisha sebuleni kwa kishindo, kisha nikaingia jikoni kulia.

Katikati ya hayo dada yangu akajifungua, na mama akaenda kumwangalia. Alikaa siku kumi na mbili. Kazi ya kubandua plasta nikaachiwa mimi. Alirudi Alhamisi, saa saba mchana, amechoka na safari. Alitueleza mtoto anavyofanana na upande wetu bahati mbaya, akanywa maji, akaenda kujinyoosha kitandani.

Hata nusu saa haikupita. Alitoka chumbani ameshika paji la uso, macho mekundu.

"Leo ni Jumapili?"

"Alhamisi, mama."

Alisimama pale mlangoni. Nilimwona anafikiri, na nilimwona amefika. Akageuka akarudi ndani, na nikasikia nguo inachanika. Alipotoka alikuwa na pamba hadi kwenye nywele. Mkononi ameshika mto wa baba uliotumbuliwa, na kidoleni kitambaa cha rangi ya kahawia kilichofungwa kwenye nailoni iliyotobolewa matundu. Kwenye kabati nyuma ya viatu alishapata na kopo la dawa ya viatu, ndani yake donge saizi ya ndimu. Baba alikuwa amejiwekea akiba ya uzeeni. Miezi yote ile tulikuwa tunapiga deki kuzunguka bomu.

Baba alikuwa uani kwenye kiti. Mama alikwenda akasimama mbele yake. Hakupaza sauti.

"Kichwa kinaniuma," alisema.

Baba alitazama kitambaa, halafu akatazama miguu yake.

Mimi sikuelewa bado. Nikasema, lakini mama, mbona ulikuwa huumwi? Mama hakuniangalia. "Nilikuwa nimezoea. Miezi mitano nalala pembeni ya mto huu, mwili wangu ukaacha kulia kama wa kwake. Nimeondoka siku kumi na mbili, nimerudi mgeni." Kisha akamwambia baba, "Nimekwenda kumwambia daktari uongo na sikujua. Nilikuwa nakupeleka kwenye kisu kwa mdomo wangu."

Baba aliinua uso. Akasema, "Unamkumbuka Mluzi?"

Sote tulimkumbuka. Mluzi alikanda hori moja na baba, walikuwa chanda na pete, na alipiga mluzi toka getini hadi mezani. Alifariki kijana. Tuliambiwa ni moyo.

"Mkewe alimlilia avue kofia," baba akasema. "Na yeye alimpenda mkewe, akaivua. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza likizo. Siku ya pili yuko mezani anakula, kijiko mkononi, akaondoka. Hakuwa na ugonjwa wowote. Na si yeye peke yake, wako watatu. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa moyo kazini. Tunakufa siku ya kupumzika. Sasa daktari ananiambia nipumzike kila usiku." Alimtazama mama. "Mama watoto, naogopa. Ukinibandua ile plasta nalala namsikia Mluzi anakuja."

Mama alikwenda sebuleni, akarudi na kigoda cha mguu mmoja, akakikalia mbele yake bila kuyumba. Ni mtu pekee nyumbani mwetu anayekiweza.

"Miaka yote hiyo ungeniambia."

"Ungeniogopea."

"Kwani hiyo si ndiyo kazi yangu?"

Donge lilikuja kuchukuliwa na yule msimamizi wa zamani, mzee sasa, na boksi la mbao lenye maranda. Aliondoka kwa miguu, pole pole, katikati ya barabara, na hakutabasamu kwa mtu yeyote.

Daktari hakutugombeza. Alimsikiliza baba habari za Mluzi mpaka mwisho, akaweka kalamu chini. "Hukuogopa bure, mzee. Yale mafuta yakiwa yanatanua mishipa kila siku, mwili nao unavuta kuibana, kama mnavyovutana kamba. Ukiyaondoa ghafla, mwili unabaki unavuta peke yake. Ndicho kilichomuua rafiki yako. Lakini wewe umelalia kipimo asichokijua mtu. Nitakulaza wiki mbili, tukushushe kidogo kidogo, na dawa nyingine ikulinde. Baada ya hapo usiku utakuwa usiku." Alichukua nakala ya ile barua ya upasuaji. "Hii naiweka kwenye droo. Dawa ikikushika, haitoki. Isipokushika, Jumanne iko pale pale."

Baba alilazwa. Mama alileta kigoda wodini, na wauguzi wawili wakaanguka kabla hatujapata nafasi ya kuwaonya. Baba alirudi nyumbani zikiwa zimebaki siku tano kufika Jumanne. Plasta asubuhi, saa mbili usiku hakuna, mto mpya niliomshonea mimi. Usiku mama alilala ameweka kiganja juu ya kifua chake. Anapumua, anapumua. Ila hakuna aliyejua kama dawa imerudi kuwa dawa, kwa sababu baba hakutoka kitandani kuijaribu.

Jumamosi akasema anataka kumwona mjukuu kabla ya hiyo Jumanne. Tulikodi gari. Dada anakaa ghorofa ya tatu, na jengo lao halina lifti. Tulipanda ngazi tukipumzika kila kona, mama mbele, mimi nyuma tayari kumdaka. Kona ya pili alisimama, akashika ukuta, midomo ikabadilika rangi. Yule mtu alikuwa amemkalia kwa uzito wake wote.

Tulimkalisha kwenye ngazi. Mama alitoa kidonge, akamfungua mdomo, akakiweka chini ya ulimi. Tukasubiri. Niliogopa hata kumtazama baba usoni, nikawa natazama viatu vyake.

Dakika ya tatu akanyanyua mikono miwili akashika kichwa.

"Mama watoto," akasema, "kichwa."

"Kinafanya nini?"

"Kinauma. Kinapasuka kabisa. Mungu wangu."

"Na kifua?"

Alijipapasa kifuani, kama mtu anayetafuta mahali alipoacha miwani. "Kifua kimeacha," akasema.

Mama alikaa chini ngazini palepale. Alianza kucheka, akacheka mpaka machozi yakatoka, kisha kicheko kikaisha yakabaki machozi. Jirani mmoja aliyekuwa anashuka na ndoo akasimama kuuliza kuna nini. Mama akamjibu kwa majivuno, kama anayetangaza kuzaliwa kwa mtoto, "Mume wangu anaumwa kichwa."

Baba alikuwa ameinama, amefumba macho, anaugua. Chuma mzima. Baadaye, jirani alipokwisha kupita, akaegemeza kichwa chake begani kwa mama.

"Ilikuwa hivi?" aliuliza. "Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Miaka yote ile?"

"Thelathini na mmoja."

Juu tulisikia mtoto wa dada akilia.

"Pole, mke wangu," baba akasema.